Daftari la Tafakuri si la Muhtasari

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa mkoani Morogoro. Muhula uliopita niliwaagiza wanafunzi wangu 72 kila mmoja awe na daftari la tafakuri, ayahusishe tunayoyasoma katika fasihi na maisha yake mwenyewe. Nilicholetewa ni muhtasari wa sura, tena mwingi umenakiliwa kutoka katika madesa, yaani maelezo yaliyoandaliwa tayari ambayo wanafunzi hupeana, na wachache waliojaribu kujieleza wameishia kwenye “kitabu hiki kimenifundisha tuwe na upendo”. Nifanyeje waandike kwa dhati, na madaftari yote hayo nitayasahihishaje?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamefanya walichozoezwa kufanya. Swali la fasihi katika mtihani wa kidato cha nne mara nyingi humtaka mtahiniwa atetee kauli fulani kwa kutoa hoja tatu kutoka katika kila kitabu alichochagua, na kwa hiyo tangu mapema mtoto hujifunza kuchambua dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa ya mwandishi bila kuulizwa hata mara moja yeye mwenyewe ameguswa na nini. Mtoto huyo akiambiwa ghafla “andika unavyojisikia”, atatafuta jibu analodhani mwalimu analitaka, na jibu hilo analijua kwa moyo: upendo, umoja, elimu.

Libadilishe swali. Chukua riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, ambayo imesomwa kwa miaka mingi katika shule zetu. Sekai, aliyekaa muda mrefu bila kupata mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila ya kwao inataka mtoto wa namna hiyo auawe, naye anambeba mwanawe na kutoroka. Ukiuliza dhamira, utasoma “mila potofu” mara 72. Ukiuliza, “Ungekuwa mmoja wa wake wenza wa Sekai, ukamwona anafungasha, ungemfichua au ungenyamaza, na ni nani nyumbani kwenu unayemfikiria unapojibu?”, hakuna desa litakalomsaidia, kwa sababu jibu haliko kitabuni wala ubaoni.

Kisha upe ukurasa wenyewe umbo. Mwanafunzi apige mstari wa wima katikati: kushoto aandike tukio au sentensi iliyomsimamisha, pamoja na namba ya ukurasa, kulia aandike kwa nini alisimama hapo. Kushoto kukiwa na “Sekai anambeba mwanawe na kutoroka”, kulia panaweza kuwa na maneno kama haya: “Shangazi naye aliondoka kwa mumewe usiku. Nyumbani tulimcheka. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anaogopa nini.” Upande wa kushoto ndio unaomfunga mwandishi katika fasihi, ukiuondoa, baada ya wiki chache utakuwa unasoma shajara ya kawaida, ambayo ni jambo jema lakini si somo lako. Mbinu hii ya kurasa pacha ilienezwa Marekani na mwalimu Ann Berthoff, na msingi wake unakaribiana na hoja aliyoitoa Louise Rosenblatt mwaka 1938, kwamba maana ya kazi ya fasihi huzaliwa pale msomaji, pamoja na yote aliyoyaishi, anapokutana na maandishi.

Kazi hii isiende nyumbani, kwa kuwa huko ndiko kunakiliwa kunakofanyika. Tenga dakika 10 za mwisho za kipindi, waandike bila kusimama, na wewe uandike pamoja nao. Tahajia iache kwanza. Mwenye neno la Kiluguru linalosema vizuri zaidi alitumie. Wavulana wakinung’unika kwamba kuandika ya moyoni ni mambo ya kike, wasomee “Amina”, shairi ambalo Shaaban Robert alimlilia mkewe aliyefariki.

Kuhusu kusahihisha, ushauri wangu ni kwamba usisahihishe. Toa alama kwa kuandika tu, si kwa kilichoandikwa, kwa maana siku utakapoipa huzuni ya mtoto 6 kwa 10 hutaletewa huzuni nyingine. Soma madaftari 12 kwa wiki, na katika wiki sita utakuwa umelifikia kila moja. Weka kando kalamu nyekundu, na badala ya “vizuri, ongeza bidii” andika swali moja linaloonyesha kwamba umesoma: “Na shangazi yako, alirudi?” Swali hilo hukuchukua nusu dakika tu, na mara nyingi ukurasa unaofuata huwa mrefu kuliko uliotangulia.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza na ambalo ni zito kuliko yote. Ukifanikiwa, utaandikiwa mambo ambayo ungependa usingeyajua. Waambie siku ya kwanza kwamba ukurasa uliokunjwa hutausoma, na kwamba yaliyobaki yatakuwa kati yako na mwandishi, isipokuwa ukisoma kwamba mtoto anaumizwa. Hapo usinyamaze wala usichunguze peke yako: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka taarifa itolewe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika, na ofisa ustawi wa jamii ndiye mwenye kazi ya kuchunguza, simu ya 116 nayo hupokea taarifa za watoto bila malipo. Usiahidi siri usiyoweza kuitunza, hata kama ahadi hiyo ingekuletea kurasa nzuri.

SWALI: Binti yangu wa kidato cha pili ameanza kuandika daftari la namna hiyo shuleni, na nimelikuta kitandani kwake. Je, kama mama, si haki yangu kulisoma? Mama, Tanga.

JIBU: Mama, wasiwasi wako naufahamu, lakini lirudishe lilipokuwa. Akigundua limesomwa hataacha kuandika, maana mwalimu anadai kurasa; ataandika ya kukuridhisha wewe, na mwalimu wake atarudi kulekule kwenye “tuwe na upendo”. Muulize wanasoma kitabu gani, ukiazime, nawe ukisome. Ukishamjua mhusika anayemkera binti yako, mtakuwa na la kuzungumza jikoni bila daftari kufunguliwa.