Nyumba yenye kufuli nayo ina msikilizaji: kwa wadadisi wapya wa redio, Mtwara na Lindi

Wadogo zangu mlioanza kazi ya kupima usikilizaji msimu huu, nimewaona wiki hii mkizunguka Chikongola, Majengo na Magomeni na tableti zenu, na nimeshindwa kunyamaza. Nawapenda, mnajua hivyo. Lakini mnayoyafanya ni yaleyale yaliyofanywa na waliowatangulia, na kila msimu kuna kituo kinachoumia na kipindi kinachouawa kwa sababu ya fomu iliyojazwa haraka. Someni, kisha mrudi mtaani.

1. Barua kwanza. Mwenyekiti wa mtaa akipata habari zako kwa jirani kabla ya kuziona kwenye barua yenye muhuri, siku hiyo imekwisha. Pita kwa mtendaji, kisha kwa balozi, ndipo ubishe hodi.

2. Vua fulana ya kituo. Watu wa huku wana adabu na mgeni. Ukimwendea bibi wa Mikindani na kifua chako kimeandikwa jina la redio, atakutajia redio hiyohiyo, na atamsifia mtangazaji ambaye hajapata kumsikia, maana hawezi kukuaibisha mlangoni pake. Amekukirimu kama alivyolelewa. Wewe ukiandika ukarimu wake kama usikilizaji, kosa ni lako. Kofia, kalamu, stika kwenye pikipiki uliyokuja nayo, hesabu ni zilezile. Na orodha ya vituo isomwe kama tableti ilivyoipanga. Nimesikia watatu kati yenu wakiitaja kwa kichwa, na wote watatu wanaanza na kituo kinachotulipa.

3. Uliza kilichosikika kabla ya kuandika kwamba kilikuwa redio. Kijana wa bodaboda atakwambia anasikiliza redio kutwa nzima. Mwangalie vizuri: ana kiredio chenye kadi ya memori, na ndani mna singeli tangu asubuhi. Kwake hiyo ni redio, wala hajakosea, ila hakuna kituo cha kumwandikia. Muulize nani alikuwa akiongea, habari gani ilisomwa, tangazo gani lilimchosha. Akikosa hata sauti moja ya mtu, ni kadi. Vinyozi na sabufa zao, vivyo hivyo.

Upande wa pili yuko mama ntilie atakayesema hasikilizi redio kabisa, hana muda. Kumbe redio ya duka la jirani inamfikia tangu anapochemsha maharage, na misiba yote iliyotangazwa anaijua kwa majina ya wafiwa. Huyo ni msikilizaji kamili. Wamarekani huwavalisha watu wa sampuli kifaa kidogo kinachoitwa PPM, kinachonasa alama iliyofichwa ndani ya sauti ya kituo. Kifaa hicho hakijali nani aliwasha redio, kinahesabu kilichofika karibu na mtu. Sisi hatuna vifaa, tuna maswali, kwa hiyo maswali yaulizwe yote.

4. Saa. Kila mmoja wenu amezaliwa ndani ya saa za Kiswahili, na bado kila msimu data inatuletea umati wa watu waliokuwa wakisikiliza salamu za asubuhi saa saba usiku. Mhojiwa kasema saa moja, mdadisi kaandika 01:00. Rudieni kila saa kwa sauti: asubuhi au usiku? Na kwa wazee ni bora kutumia swala kuliko saa, kabla ya adhuhuri, baina ya magharibi na isha. Hapo hawakosei kamwe.

Siku nazo zina mtego. Mzee wa Mikindani au wa Lindi mjini akikwambia alisikiliza kaswida usiku wa Ijumaa, anazungumzia jioni ambayo kalenda ya tableti inaiita Alhamisi. Kuna kipindi cha dini kilichowahi kuonekana hakina mtu Alhamisi, na wasikilizaji wake wote wakaandikiwa mpira wa Ijumaa. Watu wa mpira walifurahi sana. Na Ramadhani, usikilizaji unahamia daku na saa ya kungoja futari. Takwimu za mwezi huo ni halali, ila zisilinganishwe na za Mei kama kwamba watu wameshikwa na tabia mpya.

Robo saa, kipande cha muda tunachohesabia wasikilizaji, mnaijua kwenye fomu, lakini muijue na kanuni yake. Kwa muda mrefu Nielsen, wapimaji wa usikilizaji wa redio Marekani, walimhesabu mtu kwenye robo saa akiwa amesikiliza angalau dakika 5. Januari 2025, kwenye masoko yanayotumia PPM, wakashusha hadi dakika 3. Mtu yuleyule, redio ileile, na namba inapanda. Kwa hiyo mkipewa ripoti ya msimu uliopita na ya msimu huu, ulizeni kwanza kama kanuni ni moja.

5. Nyumba iliyochaguliwa haibadilishwi. Hapa nitakaa, kwa sababu juzi nimemwona mmoja wenu, kijana hodari, akibisha mlango Kiyangu, akakuta kufuli, akahamia mlango wa pili uliokuwa wazi na redio inasikika hadi barazani. Nilimwita. Akanijibu, “Lakini dada, hapa ndipo wanaposikiliza.”

Jibu hilo nilipata kulitoa mwenyewe, na lilimgharimu mtu kazi.

Nilikuwa msimamizi wa timu iliyotumwa na kituo kimoja, sitakitaja, kupima vijiji vya Tandahimba na Newala. Ulikuwa Novemba, korosho zinadondoka. Mnaijua hali ya kijiji cha korosho Novemba mchana: milango imefungwa, kuku wanatembea watakavyo, amebaki bibi mmoja anayelea wajukuu. Watu wako mashambani wanaokota, na wenye mashamba ya mbali wanalala hukohuko vibandani kulinda mali isiibiwe. Sampuli yetu ilikuwa safi. Jedwali la Kish, lile la kuchagua nani ahojiwe ndani ya nyumba, tulilijua, wadadisi walikuwa wazuri kuliko mimi. Lakini nyumba baada ya nyumba, aliyechaguliwa hayupo.

Maelekezo yalitaka turudi, kwa saa tofauti, kabla ya kumwacha mtu. Gari lilikuwa la kukodi, mafuta yanahesabiwa, na mwenye kazi anapiga simu kuuliza fomu ngapi zimejaa. Wadadisi wakanijia tukiwa chini ya mwembe: tufanyeje? Nikawaambia wachukue jirani mwenye watu nyumbani. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona tunaokoa siku, na niliona jirani na jirani ni mamoja.

Basi tukawahoji wenye maduka ya kando ya barabara, walimu, vijana wa kijiwe cha bodaboda, kina mama wenye watoto wachanga, na wazee. Fomu zikajaa vizuri mno. Tulipochambua, muziki wa mchana uliongoza kwa mbali, na kipindi cha usiku, kile cha baada ya isha chenye bei za mnada wa korosho, AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) zilizoanza kulipa na salamu za wakulima, kilionekana karibu hakina mtu. Nikaiwasilisha ripoti kwa grafu za rangi. Uongozi ukafanya ambacho uongozi wowote ungefanya mbele ya grafu kama zile: kipindi kikaondolewa, ukawekwa muziki na maombi ya simu. Kaka aliyekitangaza, ambaye kila jioni alikuwa akiwapigia makatibu wa AMCOS mmoja mmoja ili asome bei sahihi, mkataba wake haukuongezwa.

Msimu uliofuata nilikuwa stendi ya Tandahimba, mzee mmoja aliyenikumbuka akaniuliza, “Mwanangu, yule kijana wenu wa bei amefariki?” Nikamwambia hapana, mzee wangu, kipindi kilikosa wasikilizaji. Alinitazama kama nimemtukana. Kisha akanieleza, na hakuna alichonieleza ambacho nisingekijua kama ningelala kijijini usiku mmoja. Kule vibandani, usiku, simu moja ndiyo iliyokuwa ikiwashwa redio, nyingine zote zinazimwa kutunza chaji. Simu hiyo huning'inizwa kwenye nguzo, sauti mwisho, na watu wa vibanda vya jirani husogea kusikia mnada wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, umefungwa kwa bei gani. Kipindi kilipotoweka walibaki wanaambiana bei za kusikia, na wenye shida ya haraka waliuza kangomba, yaani kwa wanunuzi wa pembeni nje ya mnada, kwa bei aliyoitaja mnunuzi, kwa kuwa hawakuwa na nyingine ya kumwekea mbele.

Ile simu moja ilikuwa na wasikilizaji wengi kuliko mtaa mzima tulioutembelea, na kwenye ripoti yangu ilikuwa sifuri. Wale waliokosekana nyumbani ndio waliokuwa kijiji chenyewe. Tuliobahatika kuwakuta ni wale ambao shughuli zao hazikuwa korosho, na tukawauliza kuhusu kipindi cha korosho.

Nilirudi kwa uongozi na maelezo. Walinisikiliza, lakini saa ile ilikuwa imeshauzwa kwa mdhamini. Nikamtafuta na yule kaka, nikamweleza ilivyokuwa na kwamba uamuzi wa chini ya mwembe ulikuwa wangu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini hatukwenda usiku. Tungeweza. Kulikuwa na pikipiki za kukodi, na kulikuwa na mjumbe aliyejitolea kutupeleka hadi vibandani. Sikumkubalia kwa sababu fomu zilikuwa zinajaa mchana.

Kwa hiyo nikikuta jina la jirani mahali pa jina lililochaguliwa, fomu naifuta, hata kama imejazwa kwa mwandiko wa malaika. Msione ni ukali.

Na msidhani ni mambo ya vijijini. Mwaka 2008 kampuni ya Arbitron, iliyokuwa ikipima usikilizaji wa redio Marekani, ilipoingiza PPM New York, vituo vinavyohudumia Wamarekani weusi na Walatino vililalamika kwamba sampuli haina watu wao wa kutosha, hasa vijana na nyumba zenye simu za mkononi tu. Wanasheria wakuu wa majimbo ya New York na New Jersey wakaipeleka mahakamani, na Januari 2009 kampuni ikakubali kurekebisha namna ya kuwapata watu hao. Jiji lenye vifaa vya kila aina, na ugonjwa ni uleule wa mlango wa Kiyangu.

6. Mume akimjibia mkewe, umemhoji mwanamume mara mbili. Omba kwa heshima kuzungumza na mama mwenyewe, na wadadisi wa kike wasichoke kutumwa huko. Utafiti wa ujumbe wa simu una shida hiyohiyo, kwa sababu katika nyumba nyingi simu ni ya baba.

7. Msihoji ndugu wa mtangazaji. Mji wetu mdogo, ulizeni.

8. Mtu akikuletea takwimu za taifa na kukwambia redio gani inaongoza Mtwara, mwombe idadi ya watu wa Mtwara waliohojiwa. Fanyeni hesabu wenyewe. Sensa ya 2022 ilikuta watu 61,741,120 nchini: Dar es Salaam 5,383,728, Mtwara 1,634,947, Lindi 1,194,028. Sampuli ya watu 2,000 ikigawanywa kwa uwiano, Dar es Salaam inapata kama 174, sisi 53, na Lindi 39. Kwa watu 53, kituo kilichopata nusu ya wasikilizaji kinaweza kuwa juu au chini kwa pointi 13 na zaidi za asilimia. Halafu hao 53 wagawanye kuanzia Mikindani hadi Nanyumbu. Vituo viwili vinavyopishana kwa pointi 8 hapo havijashindana bado, na bado nimeona mtu akipewa tangazo na mwenzake akinyimwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Mkipata watu 400 wa mkoa mmoja, waliochaguliwa sawasawa, hiyo juu au chini inashuka hadi pointi 5. Ndiyo maana nawasumbua na kila nyumba.

Ongezeni na mawimbi. FM inakwenda kwa mstari wa macho. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, inaitazama Ruvuma na ng'ambo yake, inapokea mengi. Kijiji kilicho nyuma ya mteremko kinapata mikwaruzo. Anayeishi kwenye mikwaruzo hajakikataa kituo, na kwenye ripoti aandikwe mbali na aliyekisikia akabadilisha.

9. Nyumba za Msanga Mkuu ambazo mmeandika “hayupo” zitarudiwa kuanzia Jumatatu. Nimeona wote mlikwenda saa nne asubuhi, na ilikuwa siku za giza, usiku usio na mwezi. Wavuvi wa taa walikuwa baharini usiku kucha, na saa ile walikuwa wamelala. Mwezi ukikua watakuwa barazani jioni, na redio iko nao. Mpande kivuko baada ya alasiri, mbebe chaji ya ziada na barua mpya ya mtendaji, ile ya kwanza muda wake umekwisha.