Masta ya haki za binadamu: Pretoria au Uingereza?

Mdogo wangu wa Wete, umeuliza na LLB yako, yaani digrii ya kwanza ya sheria, uombe masta Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, au Uingereza. Mie nasema Pretoria khasa, mwaka mmoja tu, muhula wa kwanza mnasoma palepale halafu mnatawanywa vyuo vyengine vya Afrika. Kule Uingereza skolashipu ya Chevening, ile ya serikali yao, inataka uzoefu wa kazi miaka 2, na wewe ndo kwanza umemaliza.

Ile barua ya maombi usiandike ati "napenda haki", nani hapendi? Andika jambo lenyewe, mfano Mahkama ya Afrika ya haki za binadamu iko hapo Arusha lakini Tanzania 2019 ilifuta tamko la kumruhusu mtu binafsi kushtaki huko moja kwa moja, sasa mvuvi wa Pemba alodhulumiwa akimaliza mahkama za ndani aende wapi? Hapo pana utafiti. Transkripti, ile karatasi ya matokeo yako ya chuo, anza kuifatilia leo, ofisi za vyuo unazijua.