Maswali yenu kuhusu shamba la Mouton

Tangu nilipogusia shamba la mizabibu la Château Mouton Rothschild, lililoko Pauillac, kaskazini ya jiji la Bordeaux nchini Ufaransa, maswali yameingia mengi. Nimechukua machache, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Ni kweli shamba hili lilinyimwa daraja la kwanza kwa zaidi ya miaka mia moja?

Ni kweli. Mwaka 1855 Napoleon III aliandaa Maonyesho ya Dunia mjini Paris, na madalali wa Bordeaux wakatakiwa kuipanga mivinyo ya kwao kwa madaraja. Hawakukaa kuionja upya. Walitazama bei: mvinyo uliozoea kuuzwa ghali ndio uliopanda juu. Mashamba manne yakapewa daraja la kwanza, yaani Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Mouton likaongoza daraja la pili.

Miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 1853, Nathaniel de Rothschild wa tawi la London la ule ukoo wa mabenki alilinunua shamba hilo mnadani kwa faranga 1,125,000. Wakati huo likiitwa Brane-Mouton. Kitukuu chake, Philippe, aliyelishika mwaka 1922 akiwa na umri wa miaka 20, aliuona mpangilio ule kuwa dhuluma na akaupigania karibu maisha yake yote. Kaulimbiu ya shamba ilikuwa: “Wa kwanza siwezi kuwa, wa pili sikubali, mimi ni Mouton.” Mwaka 1973 amri ya kulipandisha ilisainiwa na waziri wa kilimo, Jacques Chirac, ambaye baadaye alikuja kuwa rais. Kaulimbiu ikageuzwa: “Wa kwanza ni mimi, wa pili nilikuwa, Mouton habadiliki.”

Hakuna shamba jingine lililowahi kupandishwa daraja katika orodha hiyo.

Kwa nini lebo yake hubadilika kila mwaka? Si ingetosha jina?

Hili ndilo swali nililolifurahia zaidi, maana wengi huanza na wachoraji wa lebo hizo wakasahau kilichowatangulia.

Zamani shamba la Bordeaux lilivuna, likachachusha, kisha likauza mvinyo katika mapipa. Wafanyabiashara wa mjini ndio waliouhifadhi, wakautia kwenye chupa na kubandika lebo. Njiani humo lolote liliweza kutokea. Kama mvinyo umechanganywa na wa shamba jingine, mkulima angejuaje? Na mnywaji angemlaumu nani? Mwaka 1924 kijana Philippe akaamua kwamba mvinyo wote wa Mouton utatiwa chupani palepale shambani, akawashawishi na wakubwa wa daraja la kwanza wafanye hivyo. Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Mvinyo ambao zamani uliondoka mapema sasa ulibaki nyumbani, ukahitaji mahali pa kulala, na mwaka 1926 likajengwa ghala la mapipa lenye urefu wa mita 100, kazi ya msanifu Charles Siclis.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo Mouton ya leo ilipozaliwa. Mwenye shamba akishafunga chupa mwenyewe, lebo inakuwa sahihi yake. Kwa mvinyo wa mwaka ule wa 1924 Philippe alimpa kazi Jean Carlu, msanii wa mabango, naye akachora kichwa cha kondoo dume na mishale mitano ya ukoo wa Rothschild. Wengi hawakuipenda, ikaachwa.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wanazi, ikalitwaa shamba. Philippe alikamatwa, baadaye akatoroka na kujiunga na majeshi ya Jenerali de Gaulle, yaliyoendelea kupigana na Wanazi. Mkewe Élisabeth alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, akafia katika kambi yao ya mateso ya Ravensbrück mwaka 1945. Philippe aliporudi, mvinyo wa mwaka huohuo ukapata lebo yenye herufi V ya ushindi, iliyochorwa na kijana Philippe Jullian. Siwezi kuitazama ile V bila kumkumbuka mama yule.

Tangu hapo kila mwaka una msanii wake, isipokuwa miaka michache. Wamo Braque, Dalí, Miró, Chagall na Warhol. Picasso aliwekwa kwenye lebo ya 1973, mwaka aliofariki na mwaka shamba lilipopanda daraja, ingawa zabibu za msimu ule zilikuwa za kawaida tu. Lebo ya 2016 ni ya William Kentridge wa Afrika Kusini. Msanii halipwi fedha. Hupewa makasha ya mvinyo. Mwaka 1993 mchoro wa Balthus, wa msichana aliye uchi, ulileta manung’uniko Marekani, hivyo chupa za huko zikatoka na nafasi tupu pale juu.

Mouton ni kondoo kwa Kifaransa. Walifuga kondoo?

Inaelezwa kwamba jina limetoka kwenye neno la kale lenye maana ya kilima, maana shamba limekaa kwenye mwinuko. Kondoo dume kwenye nembo amekuja baadaye, kwa kucheza na jina.

Je, Mouton Cadet ninayoiona madukani ndiyo hiyohiyo, ila ya bei nafuu?

Hapana, na muuzaji asikudanganye. Ilianza na mavuno ya 1930, msimu mbaya, ambapo Philippe hakutaka jina kuu libandikwe kwenye mvinyo hafifu. Akauuza kwa jina la Cadet, yaani kitinda mimba, kama alivyokuwa yeye kwao. Leo ni mvinyo wa kawaida wa Bordeaux, kutokana na zabibu za wakulima wengi. Unafaa kwa chakula cha nyumbani. Mvinyo mdogo halisi wa shamba unaitwa Le Petit Mouton.

Na Lafite Rothschild?

Ni jirani, ni ndugu, lakini ni shamba jingine. James de Rothschild wa tawi la Paris alilinunua mwaka 1868. Alikuwa baba mdogo wa Nathaniel, na pia mkwewe.

Mvinyo wenyewe una ladha gani? Nasikia ni mkali.

Ukiwa mchanga, ndiyo, una ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Sehemu kubwa ni zabibu za Cabernet Sauvignon, ambazo zina maganda manene na huchelewa kuiva. Pauillac inazifaa kwa sababu ardhi yake ni changarawe nene: maji hupita haraka, mizizi hushuka chini kuyatafuta, na mawe hutunza joto la mchana. Huchanganywa na Merlot na kiasi kidogo cha Cabernet Franc na Petit Verdot, kisha mvinyo hulala katika mapipa mapya ya mwaloni kwa karibu miezi ishirini. Miaka inavyopita ukakasi hulainika, na inakuja harufu ya matunda meusi, kahawa na mbao za sanduku la zamani.

Mimi ni mkulima wa zabibu Dodoma. Haya yananihusu nini?

Ardhi na jua havifanani: wewe unaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, Pauillac wanavuna mara moja tu, Septemba hadi Oktoba. Lakini unayeuza zabibu kwa kilo, au mchuzi wa zabibu kwa lita, uko mahali Mouton ilipokuwa kabla ya 1924. Faida na jina vinabaki kwa anayefunga chupa. Chupa, vizibo na maghala vinahitaji mtaji ambao mkulima mmoja hana, ndiyo maana ningeanza na ushirika wenye tangi na mtambo mmoja wa kujazia, na jina la kijiji kwenye lebo.

Nimeachiwa chupa moja ya zamani na mjomba. Nifanyeje?

Ilaze ubavu, gizani, mahali pa baridi pasipotikisika, ili kizibo kisikauke. Siku ya kuifungua isimamishe siku moja kabla, mashapo yatue chini. Mimina polepole kwenye jagi, ukiweka taa nyuma ya shingo ya chupa. Mashapo yakifika shingoni, acha kumimina.