Barua kwa mwanangu, aliyeniuliza akili inatulizwa vipi

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Voisi yako nimeikuta nlipomaliza kuswali alfajiri, nikaona umeituma saa saba na nusu usiku, nikajua kabla hata sijaifungua kuwa hujalala. Nimeisikiliza mara mbili. Unasema wenzako ofisini wanafanya meditesheni na inawatuliza, wewe umepakua aplikesheni umejaribu siku tatu, ukikaa dakika mbili tu mawazo yanakuja mengi kuliko ulivyokua hujakaa, ripoti, kodi ya nyumba, yule bosi wako, mpaka maneno uliyomwambia mtu mwaka juzi yanarudi. Unauliza kama kuna watu hawajaumbiwa hiki kitu, na kama kwa Muislamu kina neno. Nimeona mesej haitoshi, ngoja nikuandikie barua kabisa uisome umetulia, sio kwenye mwendokasi umesimama mlango unakubana.

Hujashindwa mama. Hayo mawazo hayakuletwa na kukaa kwako. Mchana kutwa redio inaongea sebuleni, ukiizima usiku ndo unasikia bomba la jikoni linadondosha tone tone, sasa bomba halikuanza kuvuja pale ulipozima redio, lilikua linavuja tangu asubuhi. Wewe kutwa una kitu masikioni, grupu la kazi linalia, foleni, watu, ukinyamaza kidogo tu ndo unasikia kilichokuwemo siku zote. Na kuwaza ndo kazi ya akili kama kudunda ilivyo kazi ya moyo. Aliyekwambia lengo ni kichwa kiwe kitupu amekupa kazi isiyowezekana halafu anakuacha ujilaumu, na hilo linaniudhi kweli maana wengi wanaacha hapo hapo siku ya tatu kama wewe.

Nikwambie nlivyojifunza mimi, maana sikujifunza kwa mwalimu. Unajua nimekua nesi miaka thelathini na moja, na kila zamu kila mgonjwa lazima uandike kwenye chati joto, presha, mapigo ya moyo na pumzi. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Sasa pumzi zina tabia moja ambayo manesi tunafundishwa mapema kabisa, mgonjwa akijua unazihesabu zinabadilika palepale, anaanza kuvuta kwa kukusudia na namba yako inakua ya uongo, kwa hiyo unamshika mkono kama vile bado unapima mapigo, jicho moja kwenye saa, kumbe unaangalia kifua kinavyopanda na kushuka. Nimefanya hivo maelfu ya mara. Na katika maelfu hayo sikuwahi hata siku moja kuhesabu zangu.

Mpaka mwaka ule baba yako alipolazwa. Ulikua form two, uko bweni, hatukukwambia yote. Usiku nlikua nakaa naye, sio kama nesi, kama mkewe tu kwenye kiti cha plastiki, na kichwa kilikua kinaenda kama chako, dawa, ada zenu, nimkope nani, na lile swali jengine ambalo nlikua silimalizii. Usiku mmoja kwenye saa tisa sikua na la kufanya, nikamshika mkono kwa mazoea nikaanza kuhesabu pumzi zake. Zilikua 18. Nikahesabu dakika ya pili, ya tatu, na kufika kama ya sita nikagundua napumua pamoja naye, akishusha nashusha, na mabega yangu yaliyokua yamepanda karibu na masikio yameshuka yenyewe. Matatizo yalikuwepo vilevile, ada ilikua haijalipwa. Ila kwa zile dakika chache nlikuwepo pale, kwenye kile kiti, na baba yako na ile sauti ya feni. Nikalia kidogo, nikalala nimekaa. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani mimi sikuacha, ila sasa nahesabu zangu.

Kwa hiyo aplikesheni iweke pembeni kwanza, sio mbaya, ila wewe simu ndo sehemu ya ugonjwa wako. Kaa kwenye kiti, nyayo zikanyage sakafu, mgongo usimame bila kukaza, mikono mapajani. Sio lazima kukunja miguu kama kwenye picha za intaneti, ukiumwa magoti utakua unawaza magoti. Weka alamu dakika tano, tano tu usijitie ushujaa wa ishirini, halafu zima data na uigeuze simu kifudifudi. Macho fumba au yaache yaangalie sakafu hatua mbili mbele yako. Legeza taya, wewe tangu mdogo ukiwa na wasiwasi unauma meno. Pumzi usiivute kwa nguvu, iache ije yenyewe uiangalie pale inapopita puani au tumboni panapoinuka, chagua sehemu moja ubaki nayo. Ukishusha pumzi hesabu moja kimoyomoyo, ukishusha tena mbili, mpaka kumi, kisha unarudi moja. Basi, hakuna kingine.

Utafika tatu, halafu ya nne hutoiona, utajikuta uko Kariakoo unabishana na fundi. Hapo ndo pana kazi yenyewe mwanangu. Ile sekunde uliyoshtuka kuwa umeondoka, hiyo ndo uliyokaa pale kuitafuta, kwa hiyo usiseme ona sasa nimeharibu, wewe lipe lile wazo jina la neno moja, "kazi", au "pesa", au "kesho", uliache hapo, urudi moja. Ukirudi moja mara arobaini ndani ya dakika tano umefanya zoezi mara arobaini. Ulipokua unatambaa ulikua unapenda kuelekea jiko la mkaa, nakubeba nakurudisha mkekani, unageuka unaenda tena, nakurudisha tena, sikua nakupiga na sikuwahi kusema huyu mtoto hafai. Hivohivo na akili yako, irudishe kwa mkono uleule.

Pumzi zitakua za ajabu ajabu mwanzoni, fupi, za kujilazimisha, maana sasa zinajua zinaangaliwa, wagonjwa wangu wote walikua hivo. Vumilia dakika mbili zinajisahau. Na kelele usizipigane, najua huko Tabata ni bodaboda na kunguru na jirani na spika yake, ukisubiri Tabata inyamaze hutokaa mpaka kiama. Sikia sauti, iite "sauti", rudi kwenye pumzi.

Wakati mzuri kwako naona ni baada ya swala ya alfajiri, maana umeshaamka, umeshatawadha, mwili uko chini tayari. Wiki mbili dakika tano kila siku, usiongeze hata kama unajisikia vizuri, kwanza iwe mazoea kama kupiga mswaki.

Usiku ni jambo jengine. Usiku usihesabu moja mpaka kumi ukisubiri usingizi, utakua unauvizia nao haupendi kuviziwa. Lala chali au ubavu, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, shusha kwa hesabu ya sita, taratibu, hiyo inakua kama pumzi sita kwa dakika. Weka kidole kwenye mshipa wa mkono uone mwenyewe, ukivuta pumzi, moyo unaongeza mwendo kidogo, ukishusha unapunguza, kwa hiyo ukirefusha kushusha unaupa moyo muda mwingi wa kwenda polepole. Kuna neva kubwa inaitwa vagasi, inatoka kwenye ubongo inashuka shingoni mpaka kwenye moyo na tumbo, hiyo ndo inapeleka ile habari kuwa hakuna hatari, pumzika. Ila usivute mapumzi makubwa makubwa ya haraka ukidhani ndo dawa. Nimepokea sana mabinti wameletwa usiku wanahema, vidole vimekufa ganzi, midomo inawasha, ndugu wanalia wanajua ni moyo, kumbe amehema kupita kiasi hewa ya kaboni imepungua mwilini. Ukisikia ganzi au kizunguzungu acha zoezi, pumua kawaida.

Sasa la dini. Kukaa na kuangalia pumzi kwa utaratibu huu kumetunzwa sana na Wabudha, zaidi ya miaka elfu mbili sasa, na hata hapo Dar, Upanga, lipo hekalu lao la Wasinhala waliotoka Sri Lanka. Mwaka 1979 Mmarekani mmoja anaitwa Jon Kabat-Zinn, ambaye fani yake ilikua baiolojia, alichukua mazoezi hayo akayatoa upande wa ibada, akawafundisha wagonjwa wa maumivu sugu kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts. Mengi mnayofundishwa huko maofisini yana asili hapo. Kuna zoezi lake la kula zabibu kavu moja polepole, unaiangalia, unainusa, unaitafuna kama hujawahi kuiona. Mimi nafanya na tende wakati wa kufuturu, na nakwambia kweli, nimekula tende miaka sitini na nlikua siijui ladha yake.

Kwangu mimi kuhesabu pumzi sio ibada, ni kama kupima presha. Ibada yetu tunayo, na wewe kuhesabu umeshalelewa nako, tasbihi 33 na 33 na 34 kila baada ya swala kwenye vidole ulivyofundishwa na bibi yako, na Mtume wetu alikua akijitenga pangoni Hira kabla hajashushiwa wahyi. Nyiradi mpe Mola wako, pumzi ifanye baada yake kwa ajili ya mwili wako, usivichanganye, na ukiona moyo wako bado una shaka muulize ustadhi unayemuamini umueleze unachofanya hasa, sio jina lake.

Nisikufiche kitu kimoja. Hii haitamuondoa bosi wako. Mtu anayetuma kazi kwenye grupu saa tano usiku na wewe unajibu, dawa yake sio pumzi, ni kumwambia kwa adabu kuwa usiku hutojibu, na simu ilale sebuleni wewe ulale chumbani, ununue saa ya mezani. Na zile enaji drinki unazokunywa saa kumi jioni ziache, hapo sikuombi nakwambia.

Na kama ukifumba macho yanakuja mambo mazito, hofu inapanda badala ya kushuka, fungua macho, simama, tembea, shika kitu cha baridi, usijilazimishe, wapo watu kukaa kimya hakuwafai kwa wakati huo na sio dhambi yao. Ukiona wiki mbili zinapita huli, hulali, hakuna kinachokufurahisha, au likikujia wazo la kujidhuru hata mara moja, hapo usingoje hata siku, nipigie saa yoyote na uende hospitali umwambie daktari kama ulivyoniambia mimi. Hiyo inaweza kua sonona, nayo ni maradhi kama malaria, nimewaona wengi wakitibiwa wakapona, na nimewaona waliofichwa ndani na jamaa zao kwa aibu.

Anza kesho alfajiri. Baba yako alikusalimu kabla hajajilaza, amelala hapa barazani mdomo wazi, upepo wa bahari unampiga, na katika kukuandikia nimejikuta namuangalia kifua, ni 14. Nipigie Ijumaa baada ya magharibi uniambie umefika ngapi, hata kama hujavuka nne.

Mama yako,
Tanga