Umbali, viwanja vya ndege na unga wa bukari

Barua za safari hii, kutoka Lubumbashi na Kolwezi, zinahusu ulinzi wa nchi kubwa kama Kongo yetu.

Kinshasa iko mbali na mpaka wa mashariki. Umbali huo si ukuta tosha? (Msomaji, Katuba)

Ungetosha kama ukuta wenyewe ungekuwa na walinzi. Mwaka 1812 Warusi walimwachia Napoleon ardhi, lakini walirudi nyuma jeshi lao likiwa zima, na chakula cha njiani wakakichoma. Kwetu, waasi wa AFDL, kundi la Laurent Kabila, walianzia Kivu, mashariki, mwishoni mwa 1996, wengi wao kwa miguu. Lubumbashi ilianguka Aprili 1997, Kinshasa tarehe 17 Mei. Pori lilikuwa lile lile, ila askari wa Mobutu, rais wa wakati huo, ambao mishahara hawakuiona, walikuwa wanatangulia kukimbia.

Mzee, mwaka 1978 Wafaransa walifikaje Kolwezi upesi vile? Lori la Kinshasa linachukua majuma! (Kijana, Kolwezi)

Hawakupanda lori, mwanangu. Wapiganaji wa FLNC, waasi wa Katanga waliotoka Angola, waliingia Kolwezi tarehe 13 Mei. Tarehe 19 wanajeshi wa Ufaransa walishuka kwa miavuli. Kutoka kisiwa chao cha Corsica walirukia Kinshasa, na kutoka hapo ni saa chache angani. Ndiyo maana mimi nikitazama ramani ya Kongo naacha mipaka, natafuta viwanja vya ndege. Agosti 1998 ndege ziliondoka Goma, mashariki, na askari wa Rwanda pamoja na waasi, zikatua Kitona, karibu na Atlantiki, upande wa pili kabisa wa nchi! Wakateka bwawa la Inga, Kinshasa ikakosa umeme. Zimbabwe ilikuja kusaidia kwa ndege. Angola ilivuka mpaka tu, iko mlangoni.

Kituo cha kijeshi cha Kamina kilijengwa kwa nini? (Mwanafunzi, Lubumbashi)

Ubelgiji ilitekwa na Wajerumani mwaka 1940. Baada ya vita ikataka kituo cha kijeshi mbali na Ulaya.

Mume wangu anasema unga si usalama wa taifa. Tuamulie. (Mama, komini ya Kenya)

Mama, mnyime bukari, ugali wetu, siku mbili, atakuja na jibu mwenyewe. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, iko kilometa 90 hivi kutoka hapa Lubumbashi, Kinshasa zaidi ya 1,500. Zambia ikizuia mahindi yake, sokoni muuzaji anaacha kuuza gunia, anapima kwa kopo, tena halijai. Kweli, Zambia nayo inatuhitaji: ule mguu wa ardhi yetu wa Sakania umeingia ndani ya nchi yao, na gari lao la Mufulira likienda mji wao wa Mansa kwa njia ya mkato linapita kwetu kilometa 70 hivi. Lakini wao wanaweza kuzunguka kupitia Serenje. Sisi tutazungukia wapi? Basi muulize mumeo kwa nini mashamba ya mahindi ya Kaniama-Kasese yamewekwa chini ya jenerali.