Jengo la kukamulia nazi kuwa nyumba ya sanaa ya watoto: msianze na rangi

Ndugu uliyeuliza kama mchore kuta kwanza ili wafadhili waone kazi imeanza: sisi tulifanya hivyo hivyo hapa Wete, Pemba. Usithubutu.

Letu lilikuwa jengo la kukamulia mafuta ya nazi, kuta za mawe na chokaa, paa la bati. Tulipokabidhiwa tukaona plasta imekatikakatika, tukaita fundi akapiga saruji kote. Likapendeza. Watoto wakachora jahazi, bibi anasuka ukili, samaki, na mmoja akachora kuku wa miguu minne, wala sikumsahihisha. Masika yakaingia. Ukuta wa mawe hunywa maji kutoka chini na kuyatoa kidogo kidogo. Safari hii saruji ilikuwa imeuziba pumzi. Chumvi nyeupe ikachomoza, plasta ikavimba, na kufika Juni kuku na jahazi vyote vipo sakafuni. Kuna mtoto aliokota jicho la samaki akalitia mkobani.

Tulibandua saruji yote kwa tindo, tukarudi kwenye chokaa na mchanga. Chokaa iliyorowekwa wiki nyingi, si ya kuchanganya leo ukapaka leo. Na wapake watu wazima, maana inaunguza macho.

Sakafu ilishiba mafuta, haishiki rangi ya aina yoyote. Tulisugua kwa magadi mpaka mikono ikachubuka, kisha tukatandika majamvi. Majamvi yaliyobaki tukayatundika ukutani, na hapo ndipo tuliposikilizana. Kabla yake ukipiga ngoma ya msondo, mlio mmoja unarudi mitatu. Mvua ikipiga bati lakini, hakuna dawa. Siku hiyo ni ya kuchora.

Paa lenu likiwa la shuka za kijivu za asbesto, msitoboe wala msisugue kabla ya kuita wanaojua. Vumbi lake linaua mapafu. Na kama jengo lipo Mji Mkongwe wa Unguja, anzeni kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Ule ni urithi wa dunia tangu 2000, huwezi kuvunja hata dirisha kwa kukubaliana na fundi tu.

Jambo jingine ni saa. Tulifungua saa nane mchana tukakaa wiki mbili na ngoma zetu peke yetu. Asubuhi watoto wako skuli, mchana wako chuoni wanasoma Kurani! Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, ndiye aliyetupeleka kwa mwalimu wa chuo, tukakaa barazani kwake, akatutajia siku ambazo watoto hawana darsa. Sasa tunafungua siku hizo.