Vyetezo vinapasuka, miko inaatuka

SWALI: Bibi, shikamoo. Tuko shamba, Wete. Mavyaa anafinyanga vyungu na vyetezo vya kufukizia udi, mume wangu anachonga miko na mbuzi za kukunia nazi. Tangu masika yaanze vyetezo vinapasuka motoni, na miko ya mfenesi inaatuka ikishafika dukani. Mwenye duka la watalii naye anataka mali kwa mkopo. Tufanyeje?
Mkaza mwana, Pemba

JIBU: Marahaba mwanangu. Chetezo kinachopasuka motoni kina maji ndani, hata kama nje kimekauka. Maji yakifika nyuzi 100 huwa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea huvunja. Kiguse kwa shavu lako: kikiwa baridi, bado. Masika msihesabu siku. Kianikeni kivulini, kisha mkipashe kando ya moto mdogo wa makumbi, mkikigeuzageuza, ndipo mkoke moto wenyewe. Udongo nao unatiwa mchanga, au chenga za chungu kilichovunjika, ili mvuke upate pa kutokea? Mwulize mavyaa, lakini kwa adabu. Fundi ni yeye.

Mumeo asianike miko juani. Ubichi hutoka haraka zaidi kwenye ncha za mti kuliko ubavuni, ndiyo maana ufa huanzia pale. Apake nta kwenye ncha, apange mbao kivulini zipate upepo. Na unga wa msumeno usiingie kwenye udongo wa mama yake! Ukiungua huacha vitundu.

Mkopo? Nusu taslimu, nusu kwa maandishi. Akikataa, pelekeni vyetezo kwa wauza udi na ubani Chake Chake. Wapemba hufukiza mwaka mzima, hawangoji wageni.